Nani Aingie, Nani Asubiri Nje

Ukuta wa turubai hauzuii sauti. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolazimika kulitafutia njia nilipoanza kazi ya ushauri Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, kandokando ya barabara iendayo Rutshuru. Shuleni tulifundishwa kwamba mshauri ana chumba, chumba kina mlango, na mlango ukifungwa siri inabaki ndani. Kambini tulikuwa na miti minne iliyosimikwa kati ya mawe ya lava, turubai jeupe juu yake, na mabenchi mawili. Mtu akikohoa upande wa pili, unamtambua kwa kikohozi chake. Foleni ya maji ilipita hapohapo. Mwanamke angewezaje kusimulia kilichompata alipokwenda kutafuta kuni, huku wifi yake ameketi juu ya kidumu hatua tano kutoka pale?

Tulitafuta namna. Tuliweka redio nje ya kibanda na kuiacha iimbe. Tulikaa mahali pamoja na mafunzo ya ushonaji na kliniki ya watoto wachanga, ili mtu akionekana anaingia, asijulikane ameingia kwa sababu gani. Maana jirani akishasema "ule ameenda kwa wale wa kubakwa," maneno hayo yanamfikia mume kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Na wengine niliketi nao mahali peupe kabisa, juu ya mwamba, watu wote wakituona na hakuna aliyeweza kutusikia. Pale peupe palitunza siri kuliko hemani. Polepole nikaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hii inaamuliwa kabla mtu hajafungua kinywa: nani aingie, nani asubiri nje, nani aitwe kwanza, nani asiitwe kabisa. Mbinu nyingine zote nilizojifunza zinasimama juu ya hayo.

Kanyaruchinya imejaa watu na kumwagika zaidi ya mara moja. Mwaka 2012, waasi wa M23 walipoanza uasi wao upande wa Rutshuru, maelfu waliteremka na kujenga vibanda hapa. Novemba ya mwaka huohuo mapigano yalipokaribia, kambi iliondoka kwa pamoja, watu wakapita Goma kuelekea Mugunga, na tarehe 20 mji wenyewe ukaanguka. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikameza nyumba nyingi za wilaya hii na kusimama ukingoni mwa mji, na katika mbio za usiku ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Kisha Oktoba 2022 Rutshuru-centre na Kiwanja zilitekwa, na barabara ikajaa tena: magodoro vichwani, mbuzi, mabunda ya vitenge, wagonjwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao. Watu walilala shuleni, makanisani na juu ya mwamba. Lava haichimbiki vyoo, na kabla mwaka haujaisha kipindupindu kilikuwa kimeingia.

Ninayasema haya kwa sababu mtu wa Kanyaruchinya aliponiambia amechoka, uchovu wake haukuwa wa juzi. Nilipokea wanawake waliowahi kulala juu ya mwamba huu mwaka 2012 wakiwa wasichana. Sasa walikuwa wamerudi na watoto wao wenyewe, na tangu siku ya kwanza walijua pa kuchota maji na pa kuogopa kupita jioni.

Karibu wote hawakuja kumtafuta mshauri. Walikwenda kituo cha afya kutafuta dawa ya kichwa, ya moyo unaopiga mbio, ya mgongo, ya tumbo linalowaka. Muuguzi anapima malaria, hakuna; anatoa parasetamoli; baada ya siku chache mama yuleyule amerudi. Ndipo muuguzi anamleta kwangu, amemshika mkono. Namkumbuka mmoja aliyeketi ukingoni kabisa mwa benchi na kuniambia papo hapo: "Mama, mi sina shida ya kusema na mutu. Niko natafuta dawa tu." Nikamjibu kwamba ni sawa, tuzungumze habari ya dawa. Nikamuuliza usiku wake unapitaje.

Huwa naanza na usiku kwa sababu habari za usiku hazimtii mtu haya. Anayekataa katakata kusema yaliyompata njiani atakueleza bila shida analala saa ngapi, anaamshwa na nini, akiamka anafanya nini. Huyu alinieleza kwamba akifumba macho anasikia milio, kwamba mama mkwe anakohoa hadi alfajiri, kwamba mtoto mdogo anashtuka na kumkamata shingo, na kwamba saa tisa ya usiku yeye yuko macho anahesabu madeni. Mawazo mingi, alisema, kama wanavyosema wote huku. Siku ile hatukugusa kilichotokea kijijini. Tulifanya zoezi la pumzi, kuvuta taratibu na kuachia taratibu zaidi, mkono juu ya tumbo. Kisha kati ya shida zake zote tukachagua moja, ndogo, ambayo wiki ile ile ingeweza kufanyiwa kitu.

Njia hiyo sikuibuni mimi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ushauri wa vikao vitano, ambao hata mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa kuutumia: kutuliza mwili, kushughulikia shida moja moja, kurudia shughuli zilizoachwa, kuwapata upya watu wa kukutegemeza. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii wakiwatumikia wanawake waliopitia ukatili, na ukawafaa. Kwetu Kivu kuna utafiti ambao naupenda zaidi, uliochapishwa mwaka 2013. Ulihusu wanawake 405 wa vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini walioupitia au kuushuhudia ukatili wa kingono. Waliokutana katika vikundi kila wiki na kufundishwa kuyapima mawazo yao wenyewe, kama lile la "kosa ni langu," walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja kwa kawaida, na miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Walioviongoza vikundi hivyo walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa hapahapa Kongo, watu wa cheo kama changu, wala hawakuwa madaktari. Kambini walituita mama APS na baba APS, kwa herufi za cheo hicho kwa Kifaransa. Kila nikimsikia mtu akisema aliyekimbia vita anahitaji unga na turubai tu, hayo mengine ni ya matajiri, namtajia utafiti ule.

Hata hivyo mwongozo unamwona mtu mmoja, na Kanyaruchinya sikumwona mtu mmoja hata siku moja. Ndiyo maana nilijiwekea maswali matatu ya kumuuliza kila anayeketi mbele yangu kwa mara ya kwanza. Nani anajua uko hapa? Nani akijua atakasirika? Nani akijua atafurahi? Majibu yake yanakuonyesha nyumba nzima upesi kuliko fomu yoyote. Yule mama wa dawa ya kichwa alijibu swali la pili bila kufikiri: mama mkwe. La tatu lilimkalia kimya muda mrefu. Mwishowe akasema, "Labda yaya yangu. Iko Munigi." Dada huyo hakuwa amemwona tangu walipofika, kwa sababu aliona haya kumwendea mikono mitupu. Kazi yetu yote iliyofuata ilipitia kwa dada yake. Baadhi ya usiku alikwenda kulala kwake na mtoto, na huko, mbali na kikohozi na mbali na macho ya ukweni, ndiko alikoanza kulala hadi kuche. Habari ya kijijini alikuja kunisimulia baadaye sana, kwa hiari yake, akiwa tayari ana nguvu za kuibeba.

Yako mambo ambayo mpangilio wake hauna mjadala. Wanawake na wasichana wengi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni upande wa mbuga ya Virunga, kwa kuwa chakula kisicho na moto hakiliki. Anayefika kwako baada ya hayo, maneno yako yangoje. Kwanza ni kituo cha afya, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na dawa ya kuzuia mimba nayo haingoji. Nilikuwa nafuatana naye, sisemi mengi. Na mlangoni, hakuna mtu wa nyumbani anayeingia ila yule ambaye aliyeshambuliwa mwenyewe amemtaja: hata mume, hata mama mzazi, hata mchungaji aliyekuja na Biblia na nia njema. Uamuzi wa kumwambia mume ni wake, na siku ni yake. Nimewaona waume waliolia na kumkumbatia mke, nimewaona waliofunga mzigo jioni ileile na kwenda. Mshauri hawezi kujua kabla mume atakuwa yupi kati ya hao. Mwanamke mwenyewe anajua zaidi, na akipewa muda atakwambia.

Sasa wanandoa. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu vita vilivyoingia ndani ya nyumba vilizungumzwa kidogo kuliko vile vya barabarani.

Mume mmoja alikuja kwangu bila miadi. Mke wake alikuwa amekuja wiki chache zilizotangulia. Hakuketi. Aliniuliza akiwa amesimama, "Mama APS, bibi yangu anakuambiaka nini juu yangu?" Nilimwambia, "Baba, karibu uketi. Yale ya mama ni ya mama, siwezi kuyatoa, na yako nawe sitayatoa. Lakini kama una yako, nina nafasi." Alisimama kidogo, akaketi. Alikuwa mkulima karibu na Rutshuru. "Kule nilikuwa na shamba ya maharagi, nilikuwa naita watu wanalima, nawalipa. Hapa jetoni iko mu jina ya bibi. Yeye anapokea, yeye ananipa. Mi niko mutoto wake wa ngapi?"

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Misaada mingi, na jetoni ya kuipokelea, iliandikishwa kwa jina la mama, na sababu zake ninazikubali, kwani unga uliopokelewa na mama hufika chunguni. Lakini hakuna aliyekaa na baba kumweleza wala kumuuliza atasimama wapi. Mtu aliyekuwa akilisha nyumba kwa jembe anaamka asubuhi hana jembe, hana foleni ya kupanga, hana neno la kusema. Jua likipanda yuko kwenye pombe, kasiksi au kanyanga, kwa pesa ya unga uliouzwa kwa siri, na usiku mke anauliza unga uko wapi. Hayo hayahalalishi kofi hata moja, na wanaume niliwaambia hivyo wazi, uso kwa uso. Lakini usipoijua aibu iliyo chini yake hutapata pa kuanzia. Mjini Goma kuna vikundi vya wanaume vinavyojulikana kwa jina la Living Peace, ambavyo shirika la Promundo lilivianzisha pamoja na wenzao wa hapa mashariki. Wanaume waliopitia vita hukutana wiki baada ya wiki kuzungumza juu ya vita, hasira na nyumba zao, na wake nao hushirikishwa. Nimeona faida yake kwa macho, na naamini kila kambi ilistahili kikundi cha namna hiyo.

Siketi na mume na mke pamoja kabla ya kumsikia kila mmoja peke yake. Katika kikao cha peke yake lipo swali nisiloliacha: "Ukisema hapa mbele yake jambo asilolipenda, mkifika nyumbani itakuwaje?" Jibu likiwa "atanuna," tutakaa wote. Jibu likiwa kimya, au mtu akitazama mlango kabla ya kujibu, hatutakaa wote.

Kwa mkulima yule jibu la mke lilikuwa kununa, kwa hiyo tuliketi. Nilimsalimu mume kwanza kama desturi inavyotaka, nikampa benchi lenye mgongo. Kisha nikaeleza sheria ya kikao: anayesema aseme jambo moja fupi, na mwenzake kabla ya kujibu arudishe alichosikia, mpaka yule aliyesema akubali kwamba ni hivyo. Ni mbinu ya zamani katika ushauri wa ndoa duniani kote, na huwa inaonekana ya kitoto mpaka mtu aijaribu. Mke akasema: "Ukiuza unga bila kuniambia, naogopa watoto watalala njaa." Mume akarudisha: "Anasema mimi ni mwizi." Mke akasema hapana, neno mwizi hakulitamka. Mume akajaribu tena, na tena mwizi akarudi kwa mlango mwingine. Ilichukua muda hadi alipoweza kusema kwa sauti yake mwenyewe, "Unaogopa watoto watalala njaa." Baada ya hapo akanyamaza, na bega lake likashuka.

Zamu yake ilipofika alisema: "Ukinipa pesa ya sabuni mbele ya majirani, nasikia haya." Mke akaanza kurudisha, akafika kwenye "majirani" akakatika. Alikuwa hajui. Alidhani anampa mbele ya watu ili watu waone kwamba mume wake hanyimwi.

Hawakutoka pale wakiwa wamependana upya. Walitoka na mapatano mawili: unga hauuzwi mpaka wote wawili wamekubaliana, na pesa haitolewi nje ya kibanda. Hayo tu. Baadaye mume alikwenda kuponda mawe. Kanyaruchinya lava ina kazi yake, watu huiponda kokoto za kujengea na kuziuza kwa malori yanayokuja kutoka mjini. Ni kazi inayoumiza mikono na kulipa kidogo. Lakini siku alipoleta pesa ya kwanza aliiweka mbele ya mke na watoto, mke akaniambia kwamba usiku ule mume wake aliomba chumvi iongezwe mbogani, jambo ambalo hakulifanya tangu walipofika, kwa kuwa alijiona hana haki ya kuomba. Nililiandika katika daftari. Kwa kipimo changu hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Wapo wanandoa wengine ambao sikuwaketisha pamoja kamwe. Mke mmoja alikuwa wa kutazama mlango. Wazee wa ukoo walikuja kunitaka niwapatanishe, maana kwa fikira zao ndiyo kazi yangu. Niliwasikiliza kwa heshima yote, nikawaambia siwezi kumweka mtu anayepigwa mbele ya anayempiga nikamwambia aseme ukweli. Wakanikumbusha kwamba mume ndiye kichwa. Ni kweli kwamba Sheria ya Familia ya Kongo bado inamwita mume kiongozi wa nyumba. Lakini marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa idhini ya mume ambayo sheria ya 1987 ilimdai mke, na hakuna kifungu kinachompa mtu ruhusa ya kupiga. Waliondoka hawakufurahi. Niliendelea kumwona mama peke yake, na kwa ridhaa yake nikamwita kaka yake. Kaka huyo akamchukua na watoto, wakahamia kwake Ndosho. Baadhi ya watu walisema nimevunja nyumba. Nyumba ile ilikuwa imevunjika tangu zamani, na mimi sikubali upatanisho unaoanza kwa kumnyamazisha aliyeumizwa.

Isieleweke kwamba nawapinga wazee. Pale ambapo jambo ni la mahari iliyobaki, la mtoto aliyekataliwa, la mjane anayenyang'anywa turubai na shemeji, kikao cha ukoo kinafanya katika saa moja kile ambacho mimi peke yangu nisingekiweza kwa miezi. Neno la mjomba lina uzito ambao neno langu halina. Ninachodai ni kwamba kabla baraza halijakaa, mtu dhaifu kuliko wote awe amesikilizwa pembeni, na awe anajua ni nani atamsemea.

Familia nzima ikija ni kazi nyingine tena. Nyanya mmoja aliniletea mjukuu wa miaka tisa. Mtoto alikojoa kila usiku, na walikuwa na mkeka mmoja. Nyanya alikuwa amempiga, amemnyima maji jioni, amempeleka kuombewa. Mkeka ulianikwa juu ya mawe kila asubuhi na watoto wenzake walijua ni wa nani. "Huyu mutoto ananiletea haya," alisema, na mtoto amesimama hapo anasikia. Niliomba waje wote wanaolala kibandani: nyanya, mjomba kijana, dada mkubwa, mvulana, na mdogo wake.

Nyanya alisema kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, na nikamwacha amalize. Kisha nikaokota mawe madogo ya lava, nikampa kila mmoja lake, nikachora kibanda chao chini kwa kijiti. Nikawaomba waweke mawe pale wanapolala. Nyanya akaweka lake ndani kabisa, mdogo ubavuni pake, dada katikati, mjomba karibu na ukuta wa nyuma. Mvulana akaliweka lake mlangoni, nje kidogo ya mstari. Nikamuuliza kwa nini pale. Hakujibu. Dada yake ndiye aliyejibu: tangu usiku ule baba yao alipochukuliwa mlangoni kule kijijini, yeye hakubali kulala pengine. Anangoja waje.

Nyanya alikuwa hajawahi kuliunganisha hilo na mkeka. Aliona mtoto mkaidi anayelala vibaya. Niliwaeleza kwamba mtoto anayelinda hadi usiku wa manane, akishikwa na usingizi, mwili wake huzama mahali ambapo hausikii tena kibofu, na kwamba hofu yenyewe hulegeza mwili. Mjomba alikuwa kijana asiyependa maneno. Aliinama, akachukua jiwe lake akaliweka mlangoni, na la mvulana akalisogeza kati ya dada na nyanya. Mvulana akalitazama. Akauliza kama mjomba ataamka akisikia kitu. Mjomba akasema ataamka.

Mkeka haukukauka siku ile wala wiki ile. Lakini fimbo ilikoma, na aibu ya asubuhi ilikoma, kwa sababu dada alianza kuuanika nyuma ya kibanda. Polepole usiku mkavu ukaja mmoja mmoja. Hilo la mawe nimelitumia na familia nyingi baadaye. Mtoto asiye na maneno ana mikono, na mbele ya wakubwa mikono inaruhusiwa kusema yale ambayo kinywa kingekatazwa.

Yapo pia yasiyo yetu. Mtu anayesikia sauti, anayekimbia uchi, mwenye kifafa kinachoangusha kila siku, huyo anahitaji daktari na vidonge, na Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Charité kwa ajili hiyo. Kazi yangu hapo ilikuwa kwa jamaa zake: wamwondoe katika chumba cha maombi alikofungwa, wasimwite mchawi, na wasiache vidonge siku anapopata nafuu. Familia isiposhauriwa, vidonge vinaishia chini ya mto.

Tarehe 26 Januari 2025 vita vilipofika mlangoni mwa Goma, watu wa Kanyaruchinya walibeba tena walichoweza na kushuka mjini kwa maelfu. Usiku huo M23 waliingia mjini. Mwezi wa Februari waliosalia katika kambi za pembezoni waliambiwa warudi makwao, na vibanda vikabomolewa. Kwetu washauri kulikuwa na suala la karatasi. Daftari zetu hazikuwa na majina tangu mwanzo, namba tu, na orodha ya kuunganisha namba na majina iliwekwa mbali nazo. Hilo nalifundisha kwa ukali kwa kila anayeanza kazi hii mahali kama petu, kwa sababu siri ya mtu inapaswa kuweza kuokoka hata siku ambayo mshauri anakimbia na kuacha kila kitu.

Sasa ninapokea watu mjini, katika chumba chenye kuta za mbao na mlango unaofunga. Wengi wa zamani wametawanyika. Yule mkulima na mke wake walirudi upande wa Rutshuru. Shamba walilikuta, sehemu yake mtu mwingine akiwa ameshapanda. Wamenipigia simu, mume ndiye aliyepiga, sauti imefunguliwa ili mke naye asikie. Anasema mambo ni mazuri. Ana jembe tena, anaita watu wanalima, jetoni hakuna. Mke alisalimu na kusema ndiyo, ni mazuri, kisha hakuongeza neno.

Mapatano yao yalifanywa siku ambazo mke ndiye aliyeshika unga. Leo mume ndiye anayeshika shamba, na sijui kama lile la kutouza bila kukubaliana limevuka barabara pamoja nao. Nilimshukuru baba kwa kunikumbuka, nikamuuliza habari za watoto na za mikono yake. Siku ya soko mke huenda Kiwanja na rafiki yake ambaye ana simu. Nimeomba namba ya rafiki huyo. Nitampigia huko, nimsikie kwanza peke yake.